Karani Aliyetaka Uthibitisho: Léonard Mpoyi na Kambi ya Union Minière

Jumanne ya tarehe 9 Desemba 1941, uwanja wa mpira wa Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, ulijaa watu ambao hawakuja kutazama mchezo. Walikuwa wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga. Walikuwa wameacha tanuru na mashimo, wakaja kungoja jibu kuhusu mshahara wao. Mbele yao alifika gavana wa jimbo, Amour Maron, pamoja na askari wa Force Publique, jeshi la koloni. Kwa upande wa wafanyakazi alisimama mtu mmoja aliyejua kusoma na kuandika, karani Léonard Mpoyi.

Gavana aliwaambia warudi kazini, kwa kuwa nyongeza imekwisha kukubaliwa. Mpoyi akataka uthibitisho. Ndivyo walivyosimulia baadaye wazee waliokuwapo: hakutukana, hakuinua fimbo, alitaka tu kitu cha kuonyesha kwamba kampuni imekubali kweli. Gavana akajibu kwamba aende ofisini akajionee mwenyewe. Mpoyi hakuondoka kwenye neno lake. Masimulizi yanasema Maron ndiye aliyempiga risasi, kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba askari walipoona hivyo wakaanza kufyatua kwenye umati. Makumi ya watu walikufa uwanjani, wengine wengi wakajeruhiwa. Hesabu ya serikali na hesabu ya kambi hazikulingana siku ile, na hazijalingana hadi leo.

Naanza na uwanja huu kwa makusudi. Kampuni hii ina desturi ya kusimulia historia yake kwa tani za shaba na majina ya wakurugenzi. Mwaka 1956, ilipotimiza miaka 50, ilichapisha kitabu kikubwa cha jubilei huko Brussels, na mtu akikisoma ataona jinsi mitambo ilivyokua na jinsi hospitali zilivyojengwa. Mambo hayo yalikuwapo kweli, sina haja ya kuyakana. Lakini taasisi haiwi taasisi kwa mitambo. Union Minière, na mrithi wake Gécamines, ni kambi: ni watu waliolala, wakazaa, wakapokea posho na kuzikana katika nyumba za matofali zilizopangwa kwa mistari. Historia ya watu hao haiwezi kusimuliwa bila karani wa 1941.

Kampuni ilianzishwa tarehe 28 Oktoba 1906, wakati Kongo ingali mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili. Miaka minne baadaye, Septemba 1910, reli kutoka kusini, kutoka Rhodesia, ilifika mahali ambapo mji ulikuwa ndiyo kwanza unachorwa kwenye karatasi. Mji ukapewa jina la Elisabeth, mke wa Mfalme Albert. Mwaka uliofuata shaba ya kwanza ilimiminwa kwenye tanuru kando ya mto Lubumbashi. Kwa hiyo mji na tanuru ni pacha, wamezaliwa pamoja. Anayeingia Lubumbashi leo huonyeshwa kwanza bomba refu la moshi na mlima mweusi wa takataka za shaba ulio karibu nalo, kama vile mgeni anavyoonyeshwa kaburi la babu kabla hajakaribishwa ndani.

Watu wa kufanya kazi hawakuwapo tayari. Walitafutwa. Wakala wa kuandikisha watu, Bourse du Travail du Katanga, iliundwa mwaka 1910, na watu wake wakapita vijijini wakitumia machifu, zawadi na vitisho. Wengine walitoka Rhodesia ya Kaskazini, wengine Lomami, Maniema, Kasai, na katika miaka ya ishirini hata Rwanda na Urundi. Miaka ile ya kwanza ilikuwa ya kifo. Nimonia na kuhara viliwamaliza vijana waliotoka katika nchi za joto na kuletwa kwenye uwanda wa juu ambako asubuhi za Juni na Julai huuma kama kisu. Wengi walitoroka. Kampuni ilizoea kupokea watu, kuwachosha na kutafuta wengine.

Katika mchanganyiko ule ndipo Kiswahili chetu cha Katanga kilipotengenezwa. Hakikuwa lugha ya mama ya wengi wa wachimbaji wale. Mwanzoni, kwa kuwa wengi walitoka kusini, mabwana walitumia lugha ya amri iliyozaliwa katika migodi ya Afrika Kusini. Baadaye, kampuni ilipowageuzia uso watu wa kaskazini na mashariki, Kiswahili ndicho kilichoshika nafasi. Kilianza kama lugha ya kapita, yaani msimamizi, na mfanyakazi, kikaingia sokoni, kikaingia jikoni, hadi watoto wakazaliwa nacho. Msomi wa Mombasa au Unguja akikisikia hutabasamu. Namwomba akumbuke kwamba lugha hii ilipatikana kwa bei ya juu sana, na kwamba ndiyo lugha ambayo watu wa kambi walitumia kuelezana habari za mgomo.

Mnamo mwaka 1928 hivi kampuni ilibadili siasa yake. Iliona kwamba kuleta mtu kutoka mbali kwa mkataba mfupi, kisha kumpoteza, ni hasara. Ikaamua kumkalisha. Mkataba ukawa wa miaka mitatu, mke akaruhusiwa kuja, au tuseme ilitakiwa aje, maana mwanamume mwenye mke na watoto hatoroki kirahisi. Nyumba za matofali zikajengwa, zahanati za wazazi zikafunguliwa, shule zikakabidhiwa kwa mapadri, wanawake wakafundishwa kushona. Chakula kilitolewa kila wiki kwa kipimo: unga, nyama, maharagwe, karanga, mafuta, chumvi. Wafanyakazi walikiita posho, na mpaka leo mzee wa kambi akisema neno hilo uso wake hubadilika, kwa sababu anakumbuka wakati ambapo bukari, ugali wetu, haikukosekana mezani.

Mwenye fikra hiyo alikuwa daktari, Léopold Mottoulle, aliyeongoza idara ya wafanyakazi weusi. Sitaki kumdhulumu. Chini ya siasa yake vifo vilipungua sana, na watoto waliozaliwa kambini waliishi. Lakini mtu huyo alikuwa na wazo moja ambalo alilieleza wazi katika maandishi yake: kwamba Mwafrika ana roho ya mtoto, roho inayochukua umbo analopewa na mlezi wake. Basi kampuni ikajiweka kuwa mlezi. Ilijua mke wako ni nani, mtoto wako ana uzito gani, nani alilala kwako jana usiku. Mtu akikosa kazi bila ruhusa, posho inakatwa. Akiwa na mke wa pili, huyo wa pili hahesabiwi. Mwanahistoria Mmarekani Bruce Fetter aliona humo mfumo unaotaka kushika maisha yote ya mtu. Wafanyakazi wenyewe walikuwa na usemi wao: kazi njo baba, kazi njo mama. Katika usemi huo mna shukrani, lakini pia mna woga, kwa maana baba huyu anaweza kukufukuza nyumbani kwake siku yoyote. Alifanya hivyo kwa maelfu ya watu mwanzoni mwa miaka ya thelathini, bei ya shaba ilipoporomoka duniani. Waliambiwa warudi vijijini, kana kwamba kijiji kilikuwa kimewangoja.

Pamoja na hayo yote, kuna kitu kimoja ambacho baba huyo hakukitoa, nacho ni haki ya mtoto kusema. Sheria ya ukoloni wa Ubelgiji haikumruhusu mfanyakazi mweusi kuunda chama. Kulikuwa na wazee wa makabila kambini wa kusuluhisha ugomvi wa majirani, kulikuwa na vikundi vya kuzikana na kuchangiana, kulikuwa na ngoma na timu za mpira. Hakukuwa na mtu mwenye kibali cha kuingia ofisini kwa niaba ya wenzake na kusema mshahara hautoshi.

Vita vya dunia ndivyo vilivyoifanya kasoro hiyo ionekane. Mei 1940 Ubelgiji ilitekwa na Wajerumani, na Kongo ikabaki upande wa Uingereza. Shaba yote ya Katanga ikaenda kwa Washirika. Kutoka Shinkolobwe, karibu na Likasi ambayo wakati ule iliitwa Jadotville, mkuu wa kampuni Edgar Sengier alikuwa amekwisha kusafirisha zaidi ya tani 1,200 za madini ya urani hadi ghala moja la Staten Island, New York, na ni urani hiyo ya Katanga iliyokuja kuingia katika bomu la Hiroshima. Wafanyakazi hawakuambiwa hayo. Waliambiwa kuna juhudi ya vita, kwa hiyo saa zikaongezwa na kazi ikaharakishwa. Huku nguo, mablanketi na bidhaa zote zilizotoka Ulaya zikapanda bei au zikatoweka madukani, mshahara ukabaki ulipokuwa.

Kitu kilichowafungua macho, nadhani, ni jirani zao. Wafanyakazi wazungu wa Union Minière waliunda chama chao, wakagoma katika mwaka huohuo wa 1941, na hakuna aliyewapiga risasi. Boyi aliyewapikia alisikia mezani. Karani aliyepiga chapa barua zao alisoma. Msaidizi aliyewapa nyundo aliona siku waliyokosa kuja, na aliona pia kwamba siku ile mashine ziliendeshwa na weusi peke yao na hazikusimama. Kama mzungu anaweza kuacha kazi na kuomba zaidi, kwa nini sisi tusiweze? Swali hilo halikuletwa na mtu yeyote kutoka nje. Lilizaliwa jikoni na ofisini.

Mwanzoni mwa Desemba mgomo ulianza kwenye viwanda vya Jadotville. Askari waliitwa, na damu ya kwanza ikamwagika huko. Habari ilifika Elisabethville haraka, maana reli ilipeleka watu na watu walipeleka maneno. Tarehe 7 Desemba Wajapani waliishambulia Pearl Harbor, na vita vikawa vya dunia nzima. Siku mbili baadaye, mbali kabisa na bahari yoyote, Léonard Mpoyi alisimama uwanjani.

Mara nyingi nimejiuliza kwa nini alikuwa yeye. Karani alikuwa mtu wa katikati. Hakushuka shimoni, mikono yake ilikuwa safi, mzungu alimwamini kushika hesabu. Kwa mantiki ya kampuni, mtu kama huyo ndiye wa mwisho kuinua sauti, kwa sababu ana cha kupoteza. Lakini karani pia ndiye anayejua thamani ya karatasi. Kazi yake ya kila siku ni kuandika: fulani amekuja, fulani hakuja, fulani akatwe. Alijua kwamba katika taasisi ile kitu kisichoandikwa hakipo. Posho iliandikwa, adhabu iliandikwa, hata uzito wa mtoto mchanga uliandikwa. Basi gavana alipotamka kwamba nyongeza ipo, Mpoyi alimdai kwa kanuni ya ofisi ileile iliyomfundisha. Ahadi ni deni, na deni huandikwa.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaoliita tukio lile ghasia. Ghasia haziulizi uthibitisho. Mtu aliyekuja kuvunja haombi kuonyeshwa karatasi ya makubaliano. Anayeiomba ni yule anayetaka kurudi kazini, ila hataki kudanganywa. Ombi lile lilimchukulia mwajiri kama mtu mzima anayezungumza na mtu mzima. Nadhani hilo ndilo lililomfanya Mpoyi asivumiliwe. Mfumo mzima ulijengwa juu ya baba na mtoto, na mtoto hamwambii baba, nionyeshe.

Baada ya maziko, mishahara iliongezwa. Haikuongezwa kwa kuwa kampuni ilipata huruma. Vita vilihitaji shaba, na shaba ilihitaji watu waliotulia. Lakini utulivu ule haukuwa wa moyoni. Februari 1944 askari wa Force Publique waliasi huko Luluabourg, na fununu za uasi zikafika Elisabethville pia. Novemba 1945 watu wa bandari ya Matadi waligoma, nao wakapigwa. Mwaka 1946 ndipo Brussels ilipokubali, kwa masharti mengi na macho ya serikali yakiwa juu ya kila mkutano, kwamba wafanyakazi weusi waweze kuwa na vyama na mabaraza ya kampuni. Mwaka huohuo Mottoulle alichapisha maelezo yake kuhusu miaka 20 ya siasa ya kijamii ya Union Minière, na ni humo lile wazo la roho za watoto linamosomeka. Watu wa kambi walikuwa wamekwisha kulijibu miaka mitano kabla.

Mabaraza yale yalikuwa madogo. Waliochaguliwa walizungumza juu ya ubora wa unga, maji ya bomba, paa linalovuja. Wapo wanaoyadharau. Mimi siyadharau, kwa sababu mtu wa kambi aliyekaa mezani na mkuu wa idara na kuandikiwa maneno yake kwenye kumbukumbu za kikao alikuwa anapata kile Mpoyi alichokiomba uwanjani, ingawa kwa kipimo cha kijiko. Katika mabaraza hayo walijifunza watu waliokuja kusimama majukwaani baadaye. Desemba 1957, Elisabethville ilipopiga kura ya kwanza ya mabaraza ya miji, waliojitokeza walikuwa watu wa aina hiyo, makarani na walimu.

Lakini kura ile ilifungua pia kidonda. Washindi wengi walikuwa wenye asili ya Kasai, na mwaka uliofuata chama cha Conakat kiliundwa kwa jina la wenyeji wa Katanga. Kambi ambayo ilikuwa imewachanganya watu kwa miaka 30, wakashiriki ukuta na bomba la maji, ikaanza kuulizana nani mgeni. Ni vizuri kusema wazi kwamba waliokufa uwanjani mwaka 1941 hawakuulizana hivyo.

Miaka iliyofuata naipita haraka, kwa sababu imeandikwa mahali pengi. Julai 1960 Moïse Tshombe, kiongozi wa Conakat, alitangaza Katanga kuwa nchi, na Union Minière ikalipa kodi yake kwake badala ya kuilipa serikali ya Léopoldville, Kinshasa ya leo. Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa nje kidogo ya mji huu. Januari 1963 utengano ukaisha. Mwaka 1966 Elisabethville ikawa Lubumbashi, na kuanzia Januari 1967 Rais Mobutu aliichukua kampuni na kuifanya mali ya taifa. Ikaitwa Gécomin, kisha Gécomines, na kuanzia 1972 Gécamines. Wazungu wengi walibaki kwenye mitambo, lakini bendera ilikuwa yetu. Vyama vya wafanyakazi vilikusanywa kuwa kimoja, UNTZA, mkono wa chama tawala. Kwa hiyo baada ya uhuru, mfanyakazi alikuwa na chama kikubwa kuliko wakati wowote, na nafasi ndogo ya kumwambia mwajiri nionyeshe.

Nitakuwa mwongo nikisema watu hawakuipenda Gécamines. Waliipenda. Mwaka 1986 ilitoa tani 476,000 za shaba, na katika kambi zake mtoto alisoma, mgonjwa alitibiwa, gunia la unga lilifika. Kuwa mwana wa mfanyakazi wa Gécamines ilikuwa heshima. Mtu alijitambulisha hivyo kabla hajataja kabila. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alipoandika juu ya familia hizi alichukua jina walilojipa wenyewe, Bana Shaba, watoto wa shaba. Kitabu chake cha 2001 kinawaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Kichwa hicho kinauma kwa sababu ni cha kweli.

Baba alianza kuondoka Septemba 1990, sehemu ya mgodi mkubwa wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ilipoporomoka. Mitambo ilikuwa imekamuliwa bila kutengenezwa, fedha za kigeni zikiishia Kinshasa. Kisha mwaka 1992 na 1993 wanasiasa wakakitonesha kile kidonda cha zamani: familia zenye asili ya Kasai, nyingi zikiwa za kambi, nyingi zikiwa zimezaliwa Katanga, zilifukuzwa Likasi na Kolwezi. Zilikaa majuma mengi kwenye vituo vya reli zikingoja treni, na watu wakafa humo. Pamoja nao waliondoka mafundi ambao kampuni ilikuwa imewafundisha kwa vizazi viwili. Mwaka 1993 uzalishaji wa shaba ulikuwa umeanguka chini ya tani 50,000. Mishahara ikachelewa mwezi, kisha mwaka.

Nyumbani, mambo yalipinduka. Mwanamume aliyezoea kuleta posho alikaa kibarazani. Mama, ambaye kampuni ilimfundisha kushona na kuogesha mtoto na kumwambia kazi yake ni hiyo tu, alitoka alfajiri kwenda kuuza unga, mkaa na samaki wakavu katika masoko ya Kenya au Katuba, mitaa ya Lubumbashi, na ndiye aliyewalisha wote. Watoto walishuka kwenye mashimo yaleyale ya babu zao, safari hii kwa beleshi na mfuko, bila kofia, bila daktari, bila mkataba.

Mwaka 2003 kampuni, kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliwaaga zaidi ya wafanyakazi 10,000 kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Walipewa fedha kwa mkupuo na karatasi ya kutia sahihi. Wengi wao walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi, na jumla waliyopokea haikufanana na hesabu waliyoifanya wenyewe kwa miaka yao ya kazi. Waliunda kundi lao, wakaandika barua, wakakusanya vitambulisho vya zamani na stakabadhi, wakaenda ofisi hadi ofisi kwa miaka. Ukiwasikiliza hutasikia wakiomba huruma. Wanauliza hesabu ilifanywa vipi, wanataka kuonyeshwa. Sidhani wengi wao walikuwa wakimfikiria Mpoyi walipokuwa wakipanga karatasi zao kwenye bahasha za plastiki, lakini nikiwaona namwona yeye.

Kwa hiyo nani amelishika jina lake? Mapema katika miaka ya sabini mchoraji kijana wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alikuwa akiuza picha kwenye magunia ya unga yaliyopakwa rangi. Wateja wake walikuwa watu wa kambi na wa mitaa. Picha za aina ile ziliwekwa sebuleni, na watu waliziita ukumbusho, neno zuri kuliko pambo. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipokutana naye, Tshibumba alimwambia ana wazo la kuchora historia yote ya nchi, na mwaka 1973 na 1974 alizichora picha 101, akazisimulia moja moja kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Miongoni mwake ipo ya mashahidi wa Union Minière. Wakati wagomaji wanapigwa risasi Tshibumba hakuwa amezaliwa. Alichora alichosikia, na alikisikia kwa sababu kilisemwa majumbani kwa miaka 30 bila mnara, bila kitabu cha shule, na bila sikukuu.

Mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Dibwe pamoja na Bogumil Jewsiewicki wa Kanada walianzisha mradi wa kumbukumbu za mji. Walimtafuta mzee wa kambi, mama wa sokoni, mwanamuziki, wakawarekodi, kisha wakayarudisha waliyosema kwa watu wenyewe kwa maonyesho katika makumbusho ya mji. Watu walileta vitu kutoka nyumbani: sahani ya bati ya posho, baiskeli, pasi ya makaa, kadi ya kazi. Napenda sana kwamba walileta kadi za kazi. Kwenye meza ya makumbusho, chini ya kioo, karatasi ya kampuni ilikuwa sasa uthibitisho wa mfanyakazi.

Tshibumba mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya themanini, na familia yake haikumwona tena. Picha zake zile alizomwachia Fabian zinatunzwa Amsterdam, katika makumbusho yaliyoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023. Ile ya mashahidi ipo huko pamoja na nyingine. Mwana wa Shaba anayetaka kumwona Mpoyi uwanjani, kama Tshibumba alivyomwona kwa masikio, anahitaji pasipoti, viza na nauli ya ndege.